Mashine ya Kusaga ya Kikundi na Uji wa Mtoto

Leo hatuanzi hospitalini, wala hatuanzi jikoni. Tunaanza pale sokoni, kwenye kibanda cha mabati kinachotikisika, ndoo na magunia yamepangwa mlangoni, na watu wanapaza sauti ndipo wasikiane. Tunaanza kwenye mashine ya kusaga unga, ile wengi wetu huita posho mili.

Huenda unajiuliza, mashine ya kusaga inahusu nini na afya ya mtoto wangu? Fikiria hivi. Mtoto akitimiza miezi 6, huanza kupewa chakula pamoja na maziwa ya mama. Hadi miezi 8 anafaa kula mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4. Huku kwetu Meru na Embu, chakula hicho mara nyingi ni uji. Na uji huo wote, wa wimbi, wa mahindi, wa mtama au wa mwele, umepitia tumboni mwa mashine kabla ya kufika tumboni mwa mtoto. Wewe huosha kikombe chake. Huosha kijiko chake. Je, ni lini mara ya mwisho ulipoona ndani ya mashine?

Mashine nyingi za vijijini si za tajiri mmoja. Zilinunuliwa na kikundi cha akina mama, au vijana, au kanisa, kwa michango ya polepole. Hapo ndipo uzuri ulipo, na hapo ndipo taabu huanzia. Siku ya kuifungua kuna nyimbo na chai. Baada ya miaka 3, mwenyekiti anadhani mweka hazina ndiye anayeiangalia, mweka hazina anadhani ni kazi ya yule kijana anayesaga, na kijana anasubiri aambiwe. Mashine inaendelea kunguruma, kwa hiyo kila mtu anaona ni nzima.

Hebu tuifungue, kwa maneno tu.

Nyingi ya mashine zetu ni za nyundo. Ndani mna mhimili wa chuma unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kwenye mhimili huo zimening'inizwa nyundo, yaani vipande bapa vya chuma, virefu kama kiganja. Mahindi yakiingia, nyundo huyapiga. Chini yake pana wavu wa bati gumu wenye matundu. Punje haitoki mpaka iwe ndogo kuliko tundu. Kwa unga wa ugali na uji matundu huwa kama milimita 1 hivi. Kwa chakula cha ng'ombe au kuku huwekwa wavu wenye matundu makubwa zaidi.

Sasa, nyundo mpya ina pembe kali. Nyundo iliyochoka ina pembe za mviringo, kama sabuni iliyotumika. Mashine yenye nyundo zilizochoka haikati punje, inaisugua. Utaijua kwa dalili tatu ambazo hazihitaji ufundi: foleni inakwenda polepole kuliko zamani, bili ya umeme au dizeli inapanda, na unga unatoka moto. Unga wa moto ni dalili kubwa, na una hatari yake mwenyewe. Ukiufunga papo hapo kwenye mfuko wa plastiki, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko, na penye maji na unga kuvu hualikwa. Ukifika nyumbani, utandaze kwenye sinia safi upoe kabisa kabla ya kuufunika.

Na kuna swali ambalo watu huwa hawaulizi. Nyundo hupungua kila mwezi, hilo tunaliona tukizipima. Chuma hicho kinachopungua kimekwenda wapi? Hakuna njia nyingine ya kutokea ila ile ya unga. Kwenye mashine ya nyundo iliyotunzwa ni kidogo sana. Kwenye nyundo mbovu, au kwenye mashine za kale za mawe mawili ya chuma yanayosuguana, ni zaidi, hasa mawe hayo yakizungushwa bila punje katikati.

Unaweza kupima mwenyewe. Tafuta redio iliyoharibika au spika ya zamani. Nyuma yake mna sumaku. (Redio inayokupa kipindi hiki iache!) Ifunge sumaku hiyo ndani ya mfuko mwembamba safi wa plastiki, kisha ipitishe polepole katika unga wa gorogoro moja, ukigeuza geuza. Itoe uiangalie penye mwanga. Vidoa vichache vyeusi mashine yoyote ya chuma inaweza kutoa. Lakini ukiona utando mweusi umeshikamana, kama ndevu fupi, unga huo usimpe mtoto, na uende na sumaku yako moja kwa moja kwa kamati ya mashine. Ushahidi wa mkononi haubishaniwi.

Kuna wanaosema vumbi hilo la chuma ni zuri kwa sababu chuma huongeza damu. Hapana, mama. Madini ya chuma yanayoongeza damu hutoka kwenye nyama, maini, omena, maharagwe na mboga za majani, na katika vidonge unavyopewa kliniki ukiwa mjamzito. Vipande vya nyundo si dawa, na huwezi kujua chuma kile kilichanganywa na nini kabla ya kuwa nyundo.

Kikundi kifanye nini? Jambo la kwanza halina gharama. Nyundo nyingi zina pembe nne, na ni pembe moja tu inayofanya kazi kwa wakati. Fundi anaweza kuzigeuza, ile iliyokuwa nyuma ikawa mbele, iliyokuwa juu ikawa chini, na nyundo moja ikafanya kazi ya nyundo nne. Pembe zote zikiisha, zibadilishwe zote pamoja. Kubadilisha mbili tu, kwa kuwa pesa ni kidogo, ni hasara, kwa sababu nyundo zinazotazamana zikipishana uzito mhimili hutikisika, na mtikisiko huo huua beringi. Beringi ikifa, grisi yake huvuja, nayo huweza kuingia kwenye unga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zipimeni nyundo mpya kwenye mizani ya duka kabla ya kuzifunga, na zinazotazamana zilingane.

Mafundi wa jua kali hutengeneza nyundo nzuri kutokana na springi za magari, na wengi ni hodari. Siku hizi pia kuna karakana zenye mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hukata vipande 24 vikafanana kama mapacha. Ikiwa kuna karakana ya namna hiyo mnayoweza kuifikia, ulizeni bei. Huenda ikawa nafuu kuliko kununua beringi kila mara.

Wavu nao ukitoboka usiruhusu ushonwe kwa waya au uzibwe kwa kipande cha bati. Kipande hicho kitang'oka siku moja, na kitapita njia ile ile ya unga. Wavu mmoja wa akiba uning'inizwe ukutani wakati wote. Na mahali pa kumiminia mahindi pawekwe sumaku kubwa ya kunasa misumari na vipande vya waya vinavyokuja na mahindi yaliyopukuchuliwa chini. Sumaku hiyo huokoa nyundo, na huzuia cheche ndani ya mashine yenye vumbi la unga. Vumbi la unga likiwa zito hewani huwaka.

Sasa tuje kwa jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Ni sumukuvu.

Mwaka wa 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kati yao 125 walifariki. Kitui si mbali. Ukiwa upande wa Mbeere, ukivuka Mto Tana pale bwawa la Kiambere, umeingia Kitui. Joto letu la nyanda za chini ni lile lile, na mahindi yetu huvunwa katika hali ile ile. Yale ya mvua za Oktoba yanavunwa Februari na Machi. Mvua za Machi zikiwahi, huyakuta bado shambani au uani, hayajakauka.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na njugu zenye unyevu. Haina ladha unayoweza kuitegemea. Haifi kwa kupikwa. Haifi kwa kusagwa. Ikiwa nyingi, huharibu ini kwa siku chache: macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, mtu haoni kitu, lakini baada ya miaka huweza kuleta saratani ya ini, na imehusishwa na watoto wasiokua vizuri. Mama akiila, sehemu yake hupita kwenye maziwa ya titi. Hilo lisikufanye uache kunyonyesha. Maziwa yako bado ni bora kuliko chochote. Lichukulie kuwa sababu ya wewe mwenyewe kula mahindi safi. Ng'ombe naye ni vivyo hivyo. Mahindi yaliyooza ukimpa, sumu inakurudia kwenye chai ya maziwa.

Mashine inaingia wapi hapa? Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Inaweza kuwa kwenye punje chache tu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani au kijivu. Maadamu ni punje, macho yako na vidole vyako vinaweza kuziondoa, na kuchambua vizuri kunaondoa sehemu kubwa ya sumu. Lakini zikishapita kwenye wavu, zimesambazwa kila kijiko. Unga ni mweupe wote. Macho hayana kazi tena. Kwa hiyo mlango wa mashine ndio mahali pa mwisho ambapo mama anaweza kumkinga mtoto na sumu hii.

Ndiyo maana, kama kikundi chenu kina pesa ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, ningewaomba mtengeneze meza ya kuchambulia. Meza ndefu ya mbao, chini ya paa, nje ya kelele, mahali penye mwanga, na ungo au chekecheke la kuondoa vumbi na vipande vilivyovunjika. Watu wako kwenye foleni tayari. Badala ya kukaa juu ya magunia wakisubiri, wachambue. Na takataka zitokazo zitiwe kwenye pipa lenye kifuniko, zisichukuliwe na mtu kwa ajili ya kuku.

Pili, muwe na chupa ya chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyokauka kabisa, tia mahindi robo hivi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie kwa muda kama wa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 15. Mahindi ya kuwekwa ghalani yanafaa yasizidi asilimia 13.5. Hayo yenye kushika chumvi yasisagwe. Yarudi kwenye turubai juani. Najua ni vigumu kumwambia mama aliyetembea kilomita 4 na debe kichwani arudi nalo. Ndiyo sababu inafaa iwe sheria ya kikundi, imeandikwa ukutani, isionekane ni ubaya wa yule kijana.

Kwa nini mashine yenyewe ikatae mahindi mabichi? Kwa sababu unga wa unyevu hugandamana pembeni, chini ya wavu, kwenye bomba na kwenye mfuko wa kitambaa wa kutolea hewa. Hapo huota. Kesho unakuja wewe na wimbi lako zuri ulilokausha wiki nzima, na linapita juu ya ukoko wa mtu mwingine. Vilevile mashine inayosaga chakula cha mifugo. Wengi huleta mahindi yaliyoharibika wakisema ni ya ng'ombe, na dakika kumi baadaye mashine ile ile inasaga uji wa mtoto.

Kama mnaweza, muwe na mashine mbili, ya watu na ya mifugo. Kama hamwezi, wekeni siku ya mifugo, tuseme Jumamosi mchana, na ifuatwe na usafi. Usafi wa mashine si wa maji. Zima swichi kubwa, toa ufunguo au fyuzi, na anayefungua mashine ndiye aukae nao mfukoni mpaka amalize. Fungua, piga brashi kavu kwenye pembe zote, kung'uta kile kitambaa nje au badilisha, kisha funga na usage gorogoro moja ya mahindi makavu safi kusukuma mabaki. Unga huo wa kwanza utupwe, asipewe mtu wala ng'ombe wa maziwa. Na kila siku, mashine ikimaliza kusafishwa asubuhi, unga wa uji wa watoto usagwe mbele ya ugali.

Mtu ataniuliza kuhusu kukoboa. Ni kweli kwamba kukoboa mahindi hupunguza sumukuvu, kwa kuwa sehemu kubwa huwa kwenye ganda na kiini. Lakini humo ndimo pia vitamini na madini mengi yalimo. Kwa mahindi unayojua ni safi, ya kukoboa si lazima. Kwa mahindi ya kununua ambayo hujui yalikaushwa wapi, chambua, kisha koboa, na usimpe ng'ombe wa maziwa yale makapi, kwa sababu sumu imejikusanya humo.

Tuondoke kwenye chakula tuje kwa mwili wako wewe uliyesimama pale.

Kati ya injini na mashine kuna mkanda. Unazunguka kwa kasi hata hauonekani kama unatembea. Mashine ilipofika kutoka dukani, huenda mkanda ulikuwa na kifuniko. Kikafunguliwa siku ya kubadilisha mkanda, kikawekwa nyuma ya mlango, na kipo huko hadi leo. Leso ikiguswa na mkanda huo, hakuna nguvu ya mkono inayoweza kuivuta. Inavuta nguo, kisha mwili. Nywele ndefu zikishikwa, zinang'oka na ngozi ya kichwa. Mtoto wa miaka 4 anaona kitu kinachozunguka na anataka kukigusa, na wewe una macho kwenye ndoo yako isichanganywe na ya mwingine.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Kifuniko hicho ni vyuma vya pembe na waya wa chandarua, kazi ya siku moja ya fundi wa kuchomelea. Kifungwe kwa bolti, ili kisiondolewe ovyo, lakini kiachiwe tundu dogo la kupitishia bomba la grisi, maana kifuniko kinachosumbua mwenye kutia grisi ndicho kinachoishia nyuma ya mlango. Kipakwe rangi nyekundu. Halafu wekeni ukingo wa mbao, kama wa boma la ndama, ili mteja apokelewe mzigo wake pale na asiingie ndani. Watoto wabaki nje ya ukingo huo, hata mtoto wa mwenyekiti.

Mdomo wa kumiminia mahindi nao uwe na kina kirefu kuliko mkono, au uwe na vyuma vya wavu juu yake. Mahindi yakikwama, husukumwa kwa kijiti, na kamwe si kwa vidole. Anayesaga avae nguo za mikono mifupi au iliyobana, na kitambaa cha kichwa kifungwe kwa ndani.

Ajali ikitokea: zima mashine kwanza, kisha gandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu, na mkimbie hospitalini. Kidole kikikatika, kisitupwe. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu au ndani ya maji baridi, kidole chenyewe kisiguse barafu. Kiende pamoja na mgonjwa. Na hata kwa jeraha dogo, uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Kelele nitaisema kwa ufupi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinataka mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Huna kipimo? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ikiwa lazima upaze sauti ndipo akusikie, masikio yanaumia. Kijana anayesaga anunuliwe vikinga masikio, vile vinavyofunika sikio lote, pamba haitoshi. Wewe uliyebeba mtoto mgongoni, mpe mwenzako ndoo akusagie, subiri nje.

Na moshi. Ikiwa injini ni ya dizeli na iko ndani ya kibanda, bomba lake lazima litoke juu ya paa. Moshi huo una gesi ya sumu isiyoonekana, sawa na ile ya jiko la makaa chumbani, na tangu 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani. Kichwa kikiuma kila ukienda kusaga, usifikiri ni jua tu.

Mama, najua unachowaza sasa: haya yote ni pesa. Baadhi ni pesa, lakini tufanye hesabu. Tuseme mashine yenu husaga gorogoro 100 kwa siku. Kila gorogoro ikiachia shilingi 1 kwenye kopo la ukarabati, ni shilingi 100 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 31,200. Pesa hizo zisichanganywe na za mgao, na zisikopeshwe. Kikundi huvunjika kwa mgao mara nyingi kuliko kwa mashine, hilo mnalijua kuliko mimi.

Pamoja na kopo, muwe na daftari, la kawaida la shule, lililofungwa kwa kamba mlangoni. Aandikwe aliyetia grisi na tarehe, nyundo ziligeuzwa lini, wavu ulibadilishwa lini, mkanda ulikatika lini. Fundi akija, anasoma daftari kabla hajagusa spana. Na mmoja wenu, mwenye jina, awe ndiye mama wa mashine kwa miezi 3, kisha mwingine. Mkimpa kila mtu kazi hiyo, hamjampa mtu.

Bwana afya wa eneo lenu hana ugomvi na nyinyi. Mwalikeni. Ndiye anayejua leseni inayotakiwa, na kwamba anayeshughulikia chakula cha watu anafaa kupimwa afya kila miezi 6.

Wengine mmesikia kwamba unga wa dukani huongezewa vitamini na madini. Ni kweli. Tangu 2012 sheria imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa uongezewe. Mahindi yako ya shambani unayoyapeleka kwenye mashine ya kikundi hayaongezewi kitu. Vipo vifaa vidogo vya kupimia unga wa vitamini kwenye mashine za kijijini, lakini hilo si jambo la kununua poda sokoni na kurusha kwa mkono. Zidisho lake lina madhara. Kama kikundi kinapenda, kianze kwa afisa wa lishe wa hospitali iliyo karibu.

Kwa sasa, boresha uji kwa ulicho nacho. Usichanganye nafaka na njugu kumi katika mfuko mmoja. Mtoto akipata shida ya tumbo hutajua ni ipi, na njugu mbovu moja huharibu zote. Wimbi peke yake, au wimbi na mtama, ni uji mzuri. Saga kwa wavu mwembamba. Njugu na maziwa ongeza wakati wa kupika. Na ukitaka uji mzito unaomezeka, tumia kimea: lowesha wimbi usiku mmoja, liache lichipue siku mbili au tatu kwenye kitambaa safi, likaushe juani kabisa, lisage. Kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito ulioanza kupoa kidogo huulainisha bila kuongeza maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto.

Mwisho, swali ambalo huulizwa kila tukizungumza haya: je, kama mashine si yetu, ni ya mtu binafsi? Wewe ni mteja wake, na wateja watano wakiuliza jambo moja, mwenye mashine husikia. Msianze na lawama. Anza na sumaku yako. Mwonyeshe kilichotoka kwenye unga, muulize nyundo zina umri gani, na umwombe afunge mkanda kabla ya shule kufungwa, watoto wakaanza kutumwa kusaga.

Kwaheri kwa sasa. Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kuhara na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari.